Kijani Kibaya

Kaka Asaa kaitoa Maskati:
jeti ya vita, moja kwa arubaini na nane,
vipande vimeshikana kwenye fremu
kama miba ya changu baada ya chakula.
Niliiunga kwa gundi mwezi mzima wa Shaabani,
ghorofa ya tatu, Wete, dirisha nimelifunga
upepo usije ukanichukulia kioo cha rubani,
kitu kisichofika ukucha wa kidole cha mwisho.

Rangi ya fedha kwanza. Ikakauka.
Nikalowesha ukingo wa bawa,
nikatia chumvi ya shangazi Mize, ile ya mabwawani,
punje moja moja, kwa kibanio cha nyusi.
Juu yake kijani, kisha hudhurungi,
na tumbo nikalipaka samawati
ili aliye chini adhani ni mbingu.
Asubuhi nikasugua kwa kidole gumba:
chumvi ikabanduka na rangi yake,
fedha ikachungulia
kama goti kwenye suruali ya mwanafunzi.

Nikacheka peke yangu.
Mji huu chumvi haiombwi.
Komeo la mlango wetu limeliwa,
nondo za baraza zimevimba zikapasua saruji,
baiskeli ya Faki haikumaliza miaka miwili,
nami nimekaa chini ya taa
nautafuta uchakavu kwa kibanio.

Wanja wa mama nikaupitisha kwenye viungio.
Masizi ya sufuria, nyuma ya bomba la moshi.
Udongo mwekundu wa Kinyasini
nikauchekecha kwa kipande cha kanga,
nikaupuliza kwenye magurudumu.

Baba alikuwa fundi wa ndege, bara,
miaka kumi na minne.
Watu wakitaja vita, yeye hutaja spana.
Akavaa miwani, akaigeuza ile jeti kiganjani
kama mkunga na kitoto cha njiti.
“Fundi wa ndege hii nani?”
“Mimi.”
“Ningekukata mshahara.”

Akaonesha kwa kijiti cha kiberiti.
Moshi hauendi hivi, hewa huuvuta nyuma.
Mafuta huvuja hapa, si hapo.
“Na matope yote haya? Ilikuwa ikilima?
Mimi nikiiosha. Alfajiri, kabla ya chai,
sabuni ya mche, ndoo ishirini.
Na rubani hapandi mpaka afute kiatu.”

Siku tisa za kazi.
Nikachukua kitambaa nifute. Akanishika mkono.
“Iache. Nipe brashi nyembamba.
Na kijani. Sio hicho.”
“Kijani kipi?”
“Kibaya.”

Nikachanganya. Hapana.
Tone la njano. Hapana.
Tone la rangi ya mlango,
iliyobaki koponi tangu Faki aoe.
“Hicho.”

Mkono wake hutetemeka akibeba kikombe,
chai hufika mdomoni nusu.
Nikangoja doa.
Akazuia pumzi, akachora
mraba mdogo kuliko punje ya mchele,
nyuma ya bawa la kushoto.

“Rangi yake haikuwa imefika, meli ilichelewa.
Tundu lilikuwa hivi,” akakunja ngumi.
“Nikaliziba usiku kwa rangi ya boza la maji.”
“Tundu la nini, baba?”
Alikuwa anasafisha brashi,
akaivuta ncha kwa midomo ikawa sindano.
“Asubuhi ikaruka,” akasema.

Ipo juu ya friji.
Wageni husifu mabawa yalivyochujuka,
huuliza nimetumia nini, nami nawaambia: chumvi.
Kiraka hakuna aliyekiona.
Kila Ijumaa, kabla ya msikiti,
baba huipangusa vumbi,
lile la kweli,
la kwangu hulikwepa.