Dhiraa Sita

Mkoko hauombwi kurefuka.
Ukifika dhiraa sita unapinda, unakwenda zake,
na fundi Shekuwe, babangu, aliukata hapo
unyoofu ulipoishia.
Ndiyo sababu chumba chetu cha Majengo
kikawa na upana wa dhiraa sita,
nasi watoto watano tukalala mzungu wa nne,
nyayo za Athman puani mwangu.
Haukuwa uchoyo wa baba.
Wala ufukara, ingawa nao ulikuwepo.
Mti ndio ulioamua.

Masika haya mvua imeumenya ukuta wa nyuma.
Chokaa ilitangulia, udongo ukafuata,
na kwa mara ya kwanza nikaiona nyumba uchi:
nguzo, fito, vifundo vya kamba ya makumbi,
mtambaapanya umejilaza juu
kama mwenye mkeka wake.
Msumari nilitafuta, sikuuona.
Kila nguzo ina ulimi,
na kila ulimi umo tunduni mwake
mwaka wa arubaini na tatu huu
bila kusema neno.

Baba hakujua kuandika ila hesabu ya korija.
Alizitia nguzo chale kwa tezo:
moja, mbili, tatu, hadi tisa.
Ya saba ina chale mbilimbili.
Alikosea.
Ni fupi kwa shubiri nzima,
naye akaisukumizia jiwe la matumbawe chini,
akakandika, akanyamaza.
Pale ndipo mama alipoegemea
usiku pumu ilipombana,
mgongo ukutani, mdomo wazi, akihesabu pumzi.
Kumbe miaka yote alikuwa ameegemea kosa.
Likambeba.

Athman anataka vyuma.
Kwa vyuma, asema, sebule itakwenda utakako,
gari litalala ndani, na juu ghorofa tatu za wapangaji.
Kamleta injinia kijana,
akagonga boriti kwa funguo zake,
akatega sikio, akagonga tena.
"Hazijaoza," alisema,
kama mtu aliyepunjwa chenji.
"Basi tutaziuza," akadakia ndugu yangu,
"kuna hoteli Nyali wanataka za mapambo."
Boriti za mapambo! Zisibebe kitu,
zitundikwe tu wageni wazitazame wakila.

Walipoondoka niliufunga mlango
nikakipima chumba kwa mkono wangu,
kiwiko hadi ncha ya kidole,
nikitambaa sakafuni kama mtoto, kanga kiunoni.
Sita, na bado ukuta sijaufikia.
Nikarudia. Saba kasoro vidole viwili.
Mkono wa baba ulikuwa mrefu,
na hakuna aliyetwambia
tulilala ndani ya mkono wa nani.

Nimemwita Mbwarali wa Mishomoroni, mkandikaji.
Anakuja Jumatatu na udongo wake mwekundu.
Athman atafoka, na afoke;
hati ina majina mawili.
Nimemwambia Mbwarali: fito zilizolegea ufunge upya,
kamba uiloweke kwanza.
Ile nguzo ya saba
usiinyooshe.