Maji ya Kwanza

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyenikosea.
Nataka hilo lijulikane mapema,
maana ukisema "roho imekauka"
watu wa Misozwe watakutafutia msiba wa kuukalisha chini yake
kama kigoda.

Mimi Edita, binti Mhina, mtunza sakristia,
mwaka wa kumi na tisa nashika ufunguo huu.
Zamani nilikuomba, Bwana, wajua mwenyewe,
kama mtu anayefunua sufuria:
nikigusa tu kifuniko, mvuke usoni.
Kisha siku moja ya kawaida, Jumanne nadhani,
nikafunua.
Sufuria ipo, jiko lipo.
Mvuke hamna.

Vuli nayo ikatunyima.
Michungwa ikadondosha watoto wake
wakiwa wadogo kama gololi,
mtoni tukafukua mchanga kwa bakuli.
Na mimi nikaendelea:
mafuta kwenye taa ya madhabahu,
wanga kwenye vitambaa, pasi ya mkaa,
majivu napulizia kando yasiguse weupe.
Mdomo ulisali. Mdomo una mazoea yake,
kama mguu unaojua njia ya chooni usiku.

Nilimweleza Padre Kihiyo alipokuja kwa misa ya mwezi,
pikipiki yake bado inanuka moto.
Nilitarajia zaburi.
Alivua kofia ngumu, akaipangusa vumbi kwa mkono wa kanzu,
akasema, "Mama Edita, mimi tangu Kwaresima ya mwaka juzi."
Halafu akaomba chai.
Tukanywa kimya, kama wagonjwa wawili
waliogundua kwamba wana kadi za kliniki moja.

Kuna sheria ndogo niliyofunzwa na marehemu bibi Eufemia:
maji ya kwanza ya kufulia kitambaa cha kikombe
hayamwagwi ovyo.
Yaende ardhini, mahali safi,
kwa kuwa huenda yamebeba tone.
Basi kila Jumatatu, hata ndoo ilipofika shilingi mia tano,
kibakuli kimoja nilikitoa nyuma ya sakristia,
nikamwaga bila kutazama,
kama mtu anayemlipa deni mtu asiyempenda.
Miezi kumi na minne,
palepale, kando ya jiwe la kona.

Aliyenifanya nitazame ni kuku wa jirani.
Alikuwa anadonoa kitu cha kijani.
Nikamfukuza. Nikachuchumaa.

Mchunga.

Si yungiyungi, si ua la kuchorwa kwenye sare za kwaya.
Mchunga, mboga ya siku za mfuko mtupu,
uchungu umo ndani ya jina lake,
na uchungaji pia, ukilisikiliza vizuri.
Majani sita, saba, yamenenepa bila aibu,
na pembeni yote ardhi imepasuka kama kisigino.

Sikulia. Wengine wangelia.
Nilihesabu: kibakuli, kibakuli, kibakuli.
Siku zote nilizodhani namwaga bure
palikuwa na kitu huko chini kinakunywa.

Mzizi niliuacha. Majani machache nikachuma,
nikachemsha, nikamwaga maji ya kwanza (hayo nayo!),
nikatia tui la nazi niliyokopa kwa Mama Sempoli.
Nilikula peke yangu, kwa ugali, kwa mkono.
Kwenye tonge la pili, au la tatu, nikajisikia nasema,
"Bwana, uchungu haujatoka wote."
Sikuwa nimepanga kuongea.
Lilikuwa neno langu la kwanza lisilotoka kitabuni
tangu Jumanne ile.

Mvua? Bado.
Juzi wingu lilikaa juu ya milima ya Amani mchana kutwa,
likaondoka bila kuaga.
Na sufuria, siku nyingine mvuke,
siku nyingine chuma tu.
Ila sasa nikimwaga, natazama.
Na kwa ajili ya kuku
nimeweka miiba.