Mguu wa Kushoto wa Urho

Vieno hakuniruhusu kugusa mtu miezi mitatu.
Nilikanda kwanza unga wa mkate mweusi,
nikafua taulo, nikapasha sauna kwa kuni za mbetula.
"Vidole vyako vina haraka," alisema,
"na haraka haijui mfupa ulipo."

Walitujia kutoka Pohjanmaa yote, theluji mabegani.
Mkata magogo, bega limekakamaa
kama mlango uliovimba kwa mvua.
Mwalimu wa fidla, shingo imekataa kugeuka kulia.
Mama wa mapacha, hajalala tangu Oktoba:
aliguswa kisogoni tu, akakoroma,
na Vieno akanikonyeza: muache, dawa ndiyo hiyo.

Hao tuliwakanda.
Mafuta yakipata joto kiganjani kwanza,
kidole gumba kikishuka kando ya uti wa mgongo,
kando, si juu yake,
mpaka nyama iseme yenyewe, haya, ingia.

Lakini kabla hujavua koti ulihojiwa.
Una homa? Ulianguka lini?
Unameza vidonge vya kuzimua damu?
Mimba ina miezi mingapi, na miguu yavimba?
Seija alikuja na donge kwapani, akitaka lisuguliwe liishe.
Vieno hakuligusa. Alimpeleka hospitali mwenyewe,
kilomita arobaini za barafu, redio imezimwa.
Baada ya mwaka Seija alirudi na titi moja
na karatasi ya daktari iliyokunjwa mara nne.
Saa nzima Vieno alimshika nyayo,
wepesi kama anayepima hariri,
wala hakuna aliyesema neno.

Februari akaja Urho Kalliokoski,
siku tatu kwenye usukani wa lori la viazi.
"Msuli wa kigimbi umenikaza. Bonyeza kwa nguvu,
mimi si mtoto."
Vieno aliweka mgongo wa mkono juu ya mguu wa kushoto,
kisha wa kulia,
kisha wa kushoto tena.
Akatoa futi ya kushonea.
Sentimita nne tofauti.
Akaondoa mikono kama mtu aliyegusa jiko.

"Sikukandi."
Urho alicheka. Halafu akakasirika:
kijiji cha pili yupo anayetumia kiwiko, hana maswali mengi!
Akavaa kiatu kimoja, akapapasa mifuko yote
akitafuta funguo za lori.
Mimi nilimwona Vieno akizitumbukiza katika pipa la unga.
"Kaa chini, mguu utulie," alimwambia.
"Humo ndani damu imelala bonge.
Nikiliamsha litapanda,
nalo halijui njia nyingine ila ya mapafu."
Gari la wagonjwa lilifika saa nne usiku.
Urho alibebwa akitutukana sote, hata paka.

Tulibaki na benchi tupu na mvuke.
Nilimuuliza alijuaje.
Alisugua mikono kwa sabuni ya lami, muda mrefu mno.
"Kaka yangu Eino alikuwa na mguu kama ule.
Nilikuwa na miaka ishirini, hodari, nasifiwa.
Nilimkanda vizuri sana.
Aliniambia, dada, sasa nasikia nafuu."
Akafunga bomba.
"Hakuamka kunywa kahawa."

Sikuuliza zaidi. Kuni zilipasuka, nikaongeza nyingine.

Mwezi wa Mei, mto ukiwa umevunja barafu,
Urho alikuja na gunia la viazi begani.
Ufunguo wa akiba ulimfaa miezi yote hiyo,
lakini alitaka ule wake.
Nikaupangusa; meno yake bado yalikuwa na unga.
Akanyoosha mguu juu ya benchi, mwembamba, mweupe.
"Na sasa je, bibi mkaidi?"
"Daktari kasemaje?"
"Sijamuuliza."
Vieno akamsukumia kikombe cha kahawa,
akaukunja suruali ya Urho chini, polepole,
akamfunga na kamba za viatu.