Bei ya Herufi

Nachora kwa herufi, shilingi themanini moja,
nukta bure.
Kibanda changu kiko Bondeni, nyuma ya duka la betri.
Ubao umeegemea ukutani tangu Jumatatu,
haujui utasema nini.

Msellem kafa. Fundi wa mifereji,
yule aliyekuwa akilaza sikio kwenye lami saa nane za usiku
akasema, "Hapa. Futi tatu. Inalia,"
na wakichimba, maji.
Kuze nzima ilioga kwa sikio lile.
Sasa jamaa wanataka kichochoro kiitwe jina lake,
na chini ya jina, neno la kumweleza.
Moja tu. Ubao ni mfupi.

Swabiri, kifungua mimba, kaja na fulana ya kampeni:
"Andika MAARUFU."
Nikamwambia, maarufu ni yule ajulikanaye
na watu asiowajua.
Babako aliwajua wote, hadi madeni yao.
Tena neno hilo juzi nimelipaka mlangoni kwa mganga;
rangi haijakauka, mganga kahama.
"Basi MASHUHURI."
Herufi tisa, nikasema, na zote zina kelele.
Hufika kabla ya mwenyewe, likaketi kiti cha mbele.
Hata mwizi wa nyaya za stima ni mashuhuri Tononoka.
Hakucheka. Aliacha mia tano za arbuni
akaenda kwenye mkutano.

Jirani alipita na kikapu: "Andika ALIVUMA."
Kinachovuma ni ngoma, ni nyuki.
Msellem alinyamaza ndipo asikie.

Kisha Mwanaidi, bintiye, mwalimu,
kalamu nyekundu ndani ya mtandio.
Alileta MTAJIKA, akaifuta mwenyewe:
"Anataka watajaji. Tukesha kufa sisi, je?"
Akajaribu SIFA, tukaiona ina sura mbili,
kuna mwenye sifa na kuna mpenda sifa,
na kwa mbali, juu ya ubao, hutawatenga.
HADHI imo kwenye matangazo ya nyumba za Nyali,
vyumba vitatu, bwawa la kuogelea.
MTUKUFU tulilitamka mara moja
tukaliacha. Lina Mwenyewe.
HESHIMA tuliigeuzageuza kama papai sokoni:
tamu, lakini hupewa mtu na wengine;
ikitoka kwenye ubao wa nyumbani kwake
itakuwa kajikatia.
Mwanaidi alivua miwani, akalia kidogo,
akasema ni mvuke wa rangi.

Baada ya alasiri akaja mjane, Bi Rukiya.
Hakukaa. Alitazama makaratasi yangu
yaliyojaa maneno yaliyokatwa.
"Mwajiumiza vitwa bure.
Kijana wa mkokoteni wa maji akikuuliza ndia,
wamwambia vipi?"
Nikamjibu, namwambia nenda moja kwa moja,
halafu pinda kwa Msellem.
"Na kesho, hali kafa?"
Pinda kwa Msellem.
"Haya basi."
Akajifunika, akaondoka,
hajaniuliza hata bei.

Nilibaki na brashi mkononi kama mjinga.
Miaka kumi na tisa nachora mji huu,
sijawahi kuliona lile neno dogo
linalosimama mbele ya jina likaligeuza mahali.
Kwa Bulo. Kwa Shibu.
Huyo Bulo alikuwa nani, alikula nini,
alipenda kusifiwa au alikimbia?
Simjui.
Nimeshuka kwake mara mia.

KWA MSELLEM.
Herufi kumi, mia nane.
K imechuruzika kidogo mguuni,
nimeiacha, inafanana na mfereji unaovuja,
na yeye angeinama kuitazama.

Swabiri kapiga simu, anataka arbuni yake
ya mashuhuri.
Nikamwambia aje aichukue.
"Nije wapi?"
Nikafungua kinywa. Nikafikiri.
Nyuma ya duka la betri, nikasema.