Saa Moja, Jumamosi

Barua ya wakili imenipa saa moja:
nne hadi tano, Jumamosi, mbele ya shahidi.
Ufunguo wangu umeingia kitasani, ukagoma.
Nikabonyeza kengele ya nyumba niliyoilipia miaka tisa,
kama mleta vifurushi.

Twalibu kafungua. Kavaa sweta niliyoifuma mimi.
"Karibu," kasema,
kisha akalijutia neno.

Orodha ninayo: cherehani, vyeti,
koti la baridi, picha za mama, mbuzi.
Hilo la mwisho lilimshtua Bi Hargreaves, wakili:
mnafuga, hapa Leeds?
Nikamchorea kigoda, ulimi wa chuma, meno.
Akaandika: kifaa cha nazi, kimoja.

Mwanakheri, shahidi, kasimama kwenye ngazi,
anaitazama simu yake, haya zimemjaa.
Juu, upande wangu wa kabati
umepangwa makopo ya rangi.
Nje lori la taka linarudi nyuma, linalia.

Mbuzi nimeikuta jikoni, imeegemea friji.
Nimeinama kuibeba. Ubao umebonyea katikati,
na makalio hayo si yangu.
Mimi nilikamua tui. Aliyekuna ni yeye,
kila Jumapili, redio ikitangaza mpira,
vumbi jeupe magotini.

Nikaifunga kwa mtandio.
Nikatia sahihi: imepokelewa.

Mlangoni kaniuliza, macho chini,
nazi nzuri siku hizi zapatikana duka gani.
"Nunua ya kopo," nikamjibu.

Kituoni, mvua ikianza, ndipo nilipolikumbuka koti.
Saa tano na dakika mbili.