Daftari la Nusunusu

Daftari la kurasa tisini na sita,
jedwali la kuzidisha mgongoni,
samli imeingia kwenye mshono.
Humo mama aliandika lita.
Asubuhi, jioni, jumla.
Hakuandika kingine, isipokuwa mara moja.

Mama yake Nusunusu alikuwa zebu wa nundu,
vikombe viwili na teke.
Baba yake alikuwa mrija wa Freshia
uliotoka Chavakali kwa pikipiki
ndani ya mtungi unaofuka baridi.
Bwana Imbuga alivaa glavu hadi begani,
akasema, "Haya, ameolewa,"
akadai nauli ya kurudi.

Mei tatu: nne na nusu, tatu. Saba na nusu.
Chini ya saba mama amepiga mstari mara mbili
hadi kalamu ikatoboa karatasi.
Juni, kumi. Julai, kumi na moja na robo.
Mvua ya Maragoli haikosi alasiri,
nepia inakatwa leo, keshokutwa imesimama,
na karani wa chama, pale kwenye mizani,
anachovya kipimo ndani ya kopo
kutafuta maji ambayo hayamo.

Agosti kumi na nne: tatu tu.
Siku hiyo tulimzika baba.
Alikamua Endovo wa jirani,
na ng'ombe, kwa mkono asioujua, akabana.
Kesho yake: tisa.
Mama alikuwa amerudi zizini
na kanga ileile ya matanga.

Kisha wakaja wenye hesabu.
Nusu ukimpandisha utapata robo tatu,
robo tatu utapata saba kwa nane,
maziwa yatakwea kama mtu na ngazi.
Tukampandisha.
Akazaliwa Robotatu, mweusi kwa mweupe,
mrefu, mpole, mlaji wa kutisha.
Alikula unga wa maziwa, alikula pumba,
alikula, nusura niseme, karo yangu ya muhula wa pili.
Alipozaa: kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na nane.
Watu walikuja kutazama kiwele
kama wanaotazama gari jipya.

Wiki ya tisa matezi yakavimba chini ya sikio.
Kumi na moja.
Nne.
Kistari.
Na pembeni, kwa mwandiko uliolala, neno lile moja:
Ndigana.

Ukurasa unaofuata ni Nusunusu tena.
Kupe sikioni, mabua makavu ya Februari mdomoni,
tano na nusu, tano, tano na nusu.
Sijui kama mama alishukuru au alichoka.
Tarakimu zake zote zimesimama wima.

Sasa daftari ni langu.
Macho ya mama yameingia ukungu,
hukaa jikoni, mgongo kwenye ukuta wa moto,
nami nakamua upande wa pili wa mabati.
Mwanzo ndoo hulia, ti, ti,
halafu povu hufunika sauti.
Hungoja hadi niinuke.

"Sita," asema.
Napima kwenye jagi, chini ya taa.
Tano na robo tatu.
"Umekosea, mama. Imepungua robo."

"Haijapungua," asema,
akisukuma kuni ndani kwa mguu.
"Hiyo umemwachia ndama.
Iandike."