Firigisi

Meza ni sita. Nimezihesabu kupitia mlango wa jikoni
miaka miwili, kila Jumanne na Ijumaa,
tenga likitangulia, mimi nikifuata:
kuku thelathini wamenyonyolewa, shingo zimelala upande mmoja
kama watoto waliosinzia misani,
firigisi zao pembeni, ndani ya mfuko.
Bi Sunok hupima, huandika, hulipa.
Ninashukia ngazi zile zile za nyuma.

Leo nimeingia kwa mbele.
Nimevaa kitenge cha kipaimara cha Aikande,
na Ombeni, anayenijua kwa matope ya viatu,
akauliza, "Mama, umesahau nini?"
Nikamwambia: nimesahau kula.

Basi nimeketi. Ukutani kuna herufi za kwao,
kama mtu amepanga njiti za kiberiti
kando ya vifuniko vya soda.
Meza ya pili, vijana wa benki wanalamba vidole.
Karibu na dirisha, mzungu aliyeshuka mlimani jana,
pua imebabuka, anakula kimya kama anaungama.

Kumbe hukaangwa mara mbili.
Ya kwanza ni ya kuiva.
Kisha kuku anatolewa, anapumzishwa, anadhani yamekwisha,
ndipo anarudishwa kwenye mafuta.
Nikacheka peke yangu. Nayajua maisha ya namna hiyo.

Akaletwa mwekundu, anang'aa, kanyunyiziwa ufuta.
Nilimtafuta kuku wangu ndani ya vazi hilo,
yule niliyemkesha kwa taa ya chemli baridi ya Julai,
niliyemtilia dawa ya mdondo kwenye maji.
Nikauma. Ganda likalia kakacha!
Utamu ulitangulia. Pilipili ikaja nyuma,
kama mgeni anayebisha hodi akiwa ameshaketi.
Na vile vipande vyeupe vya figili, vya siki na sukari,
nilividharau, nikavimaliza.

Ndipo Bi Sunok akatoka, unga hadi viwikoni.
Kiswahili chake ni cha mizani tu:
kilo, ngapi, kesho, asante.
Akaweka kisahani ambacho sikukiagiza.
Firigisi. Zimekatwa nyembamba,
kitunguu saumu, chumvi, hoho mbichi.

Nikageuka kutazama mlangoni.

Kwetu Kibosho firigisi ina mwenyewe.
Ilikuwa ya baba. Nikiwa na miaka saba
mama alinichapa mwiko mkononi, na nilikuwa nanusa tu.
Kisha ikawa ya Ndewario, mume wangu,
miaka ishirini na sita, juu kabisa ya bakuli,
kama muhuri juu ya barua.
Alipofariki niliendelea kuitenga.
Sikujua nimpe nani. Nikampa paka.
Paka dume.

Nimezipasua kwa maelfu kwa mikono hii,
nimemenya ile ngozi ya njano,
nimekuta mchanga, kigae cha chupa,
mara moja hereni yangu mwenyewe.
Kuonja, sijawahi.

"Kula," akasema Bi Sunok.
Neno jipya; hilo hakulitoa kwenye mizani.
Akavuta kiti, akakaa, akala ya kwanza yeye,
kama mama anayemwonyesha mtoto kwamba uji haujachoma.

Ni ngumu kidogo. Inashindana na meno, halafu inakubali.
Radi haikupiga. Baba hakutokea.
Tulikula zote, yeye kwa vijiti, mimi kwa vidole,
na ile ya mwisho tuligombea
mpaka vijana wa benki wakageuka.

Ombeni alileta bili, Bi Sunok akaichana.
Nikaokota vipande, nikaviunganisha, nikalipa.
Aliyeingia kwa mbele hulipa.

Ijumaa nitaleta kuku thelathini kama kawaida,
na firigisi ishirini na tisa.
Mizani yake itaona.